Injini Katika Daka

Ramadhani nzima ya mwaka 2022, wageni waliokuja kufuturu kwetu Kibokoni walilazimika kuinua miguu wakiingia ili wasijikwae na injini. Tuliilaza dakani juu ya gunia, kando ya baraza alipozoea kuketi marehemu baba alasiri, na mama aliifunika kwa leso yake kuukuu. Watoto wa mtaa wakipita kwenda madrasa waliuliza: "Bibi, mgonjwa wenu hajambo?" Naye akawajibu kwa uzito wote: "Hajambo, alhamdulillahi. Yeo amepata mafuta kidogo."

Nataka kueleza injini ile ilivyofika pale. Watu wakisikia tulikuwa na gari la zamani huniuliza bei za magari yale hutoka wapi, na mimi jibu nililipata nyumbani, kwa machozi na kwa kutopeana salamu wiki mbili baina ya ndugu wa tumbo moja.

Baba alikuwa karani bandarini Kilindini. Mwaka 1972 alinunua Datsun 1600 SSS nyeupe, milango minne, kabureta mbili. Siku hizo jina la Datsun lilivuma Afrika Mashariki nzima. Pasaka ya 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka uliofuata walishinda tena kwa 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z vilevile, kabla ya kuja kutwaa mara nne mfululizo kwa Violet, kuanzia 1979 hadi 1982. Karani aliyenunua SSS alijua anachonunua. Injini yake ya cc 1595 ilikuwa ndugu ya zile za mashindano, na kila gurudumu la nyuma lilikuwa na springi yake, likipanda na kushuka pasipo kulivuta la pili, jambo adimu kwa magari ya bei ile wakati ule. Baba alitueleza habari ya springi zile kama mtu anayesimulia nasaba.

Mlangoni kwetu gari lile halikupata kufika. Vichochoro vya Mji wa Kale vilichorwa kwa ajili ya mtu na punda, na mkokoteni ukipita, wewe unabana ukutani. Baba aliliacha karibu na Ngome ya Yesu akaja kwa miguu, funguo zikilia mfukoni, nasi tukajua kaja. Alipostaafu, gari lilihamia kiwanjani kwa ami yangu, Tudor, likakaa chini ya mwembe na turubai juu yake.

Alifariki Septemba 2021. Juni ya mwaka huo alikuwa ameketi mbele ya televisheni akitazama Safari ikirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, na Mjapani Takamoto Katsuta akimaliza wa pili nyuma ya Sébastien Ogier. Mama akakaa eda miezi minne na siku kumi. Alipotoka, tukaketi kikao cha mirathi: mama, wana wa kiume wawili na wa kike wawili, mimi nikiwa mkubwa wa wasichana.

Nyumba haikuwa ya kuuzwa, hilo halikuhitaji kusemwa. Lakini paa lilivuja. Mji wa Kale unahifadhiwa kisheria tangu 1990, na ukarabati una masharti yake: boriti za mikoko, chokaa, roshani ya mbao irudi ilivyokuwa. Vitu hivyo ni ghali, na fundi anayevijua ni wa kutafutwa. Macho yote yakageukia Tudor.

Bei ya kwanza ya gari lile ilitoka kwenye shida zetu, na nalisema hili kwa sababu nadhani ndivyo bei nyingi zinavyozaliwa. Kaka yetu mkubwa alikuwa akidaiwa laki saba. Kwa hesabu ya mirathi, mama ana thumuni, na kinachobaki kila mwana wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Ili kaka apate laki saba zake, gari lazima liuzwe shilingi 2,400,000: mama 300,000, wavulana 700,000 kila mmoja, sisi wasichana 350,000 kila mmoja. Hesabu ilikaa sawa kwenye karatasi, ikatupendeza, tukaiita thamani ya gari. Hakuna aliyekuwa ameinua turubai.

Mdogo wetu aliona hata hiyo ni ndogo. Alitoa simu akatuonyesha Datsun 240Z ya 1970 iliyouzwa kwa mnada Marekani Januari 2020, dola 310,000, kama shilingi milioni 31 kwa kiwango cha wakati ule. "Na hii yetu pia ni Datsun," akasema. Mama akakaa kimya. Mimi nikasoma mpaka chini. Lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi kwa nusu karne, na limetunzwa kama kitu cha makumbusho. Letu lilitupeleka harusi Lamu, Malindi na Tanga, lilibeba magunia ya mtele na maiti mmoja. Lakini nambari ile ya milioni 31 ilishaingia nyumbani, na nambari ikishaingia kichwani mwa mrithi haitoki kwa kuambiwa.

Dalali aliyeletwa na ami ndiye aliyetufungua macho kwanza. Mzee wa Bondeni huyu alianza kuuza magari kabla mimi sijazaliwa. Alituambia kuna bei ya mdomo na bei ya mkono. Ya mdomo ni ile anayotaja mwenye mali, na hakuna anayemzuia kutaja. Ya mkono ni ile iliyohesabiwa noti kwa noti. Watu husikia ya mdomo, huisimulia, na jirani mwenye gari kama hilo naye huweka yake juu ya hiyo. Hivyo bei hupanda mtaa mzima na halijauzwa gari hata moja.

Alieleza pia kwa nini gari la yadini lina bei ya kukadirika na letu halina. Gari linalotoka Japani likashuka Kilindini lina hesabu: bei ya mnada kule, meli, ushuru, faida ya mwenye yadi. Ukiweza kujumlisha, hudanganyiki sana. Lakini Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane, na usukani sharti uwe kulia. Maana yake, Datsun zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Moja ikigonga mti Mariakani, imepungua moja, wala hakuna meli itakayoleta badala yake. Mlango huo sasa umewafungia hata vijana wanaopenda Lancer Evolution, kwa kuwa Mitsubishi iliacha kuitengeneza 2016. Zilizoingia zimeingia.

Hapo ndipo mdogo wangu, mtu wa Subaru tangu utotoni, aliposema neno la maana ambalo sikulitarajia kwake. Subaru ilipotoa Impreza 22B mwaka 1998, ilitengeneza 400 kwa soko la Japani na kufunga daftari. Mwaka 2019 ilipoiaga injini yake ya EJ20 ilitoa magari 555, ikayauza kwa kura. Idadi ile iliwakumbusha watu chapa ya sigara iliyoandikwa ubavuni mwa Impreza za samawati na manjano alizoendesha Colin McRae, na kwetu Patrick Njiru, aliyemaliza Safari ya 1994 wa nne. Hayo ni magari yaliyozaliwa machache. Datsun ya baba ilizaliwa na ndugu mamia ya maelfu. Uchache wake ni wa kufiwa. Kila iliyooza, iliyogeuzwa teksi, iliyokatwakatwa spea, imeipandishia thamani iliyobaki hai.

Nikamuuliza kwa nini basi yeye angetoa figo kwa Subaru na Datsun ya babake aliiacha ikaota ukungu. Alifikiri. "Ile niliiona nikiwa na miaka minane," akasema. "Ilipita na vumbi, na mimi niko mabegani mwa baba." Tangu siku hiyo naamini kwamba bei hufuata umri wa wenye pesa. Aliyekuwa mtoto wakati wa Mehta sasa ana shamba, ana hisa, watoto wake wamesoma, naye anaitaka Datsun. Wakipita hao, watakuja watoto wa McRae.

Mnunuzi alitoka Nairobi mwishoni mwa Februari. Mwezi ule mashindano ya Safari Classic ya magari ya zamani yalikuwa yamepita, na yakipita yale magari ya zamani hutafutwa kwa hamu mpya. Mbio zile zilianza 2003, na wanaozikimbia wanataka bodi nzima, milango, hata taa. Alikuja na tochi, kioo kidogo chenye mpini, na sumaku iliyovishwa kitambaa.

Alikaa saa mbili. Sijawahi kuona mtu akilitazama gari vile isipokuwa baba. Alipitisha sumaku kwenye ubavu. Mahali iliposhika pana bati. Ilipoteleza pamezibwa fila na kupigwa rangi. Iliteleza mara nyingi. Chumvi ya bahari yetu hula gari kutoka ndani, kwenye vizingiti vya milango, sakafu ya buti, chini ya kioo cha mbele, na wewe nje unaona linang'aa. Gari la aina ile lililokaa Nanyuki, alisema, angelilipia zaidi kabla hata ya kulifungua.

Na letu liling'aa kweli. Mdogo wangu alikuwa amelipiga rangi nyekundu. Kisha mnunuzi akafungua boneti, akasimama.

Mwaka 2009 injini ilianza kutoa moshi. Mdogo wangu, kwa mapenzi na kwa mshahara wake wa kwanza, aliing'oa akaweka ya Corolla iliyopata ajali. Gari likawa jepesi kuwaka, halimwagi mafuta, baba akashukuru na kumwombea dua. Sasa mnunuzi alikuwa ameshika kitabu cha umiliki cha gari, penye nambari ya chesisi na nambari ya injini zilizoandikwa kwa mkono. Ya chesisi ilisomana na ile iliyogongwa kwenye bati. Ya injini ilikuwa ya injini isiyokuwepo. Akauliza kabureta mbili ziko wapi. Mama, aliyekuwa ameletewa kiti chini ya mwembe, akajifunika uso kwa ukaya wa buibui. Kabureta zilikuwa kwenye debe la biskuti chini ya ngazi, na miaka kadhaa nyuma alimpa mnunuzi wa vyuma vikuukuu debe zima pamoja na sufuria zilizotoboka. Hakujua. Nani alimwambia?

Mtu yule alitaja laki saba kwa gari zima. Ndiyo iliyokuwa sehemu ya kaka peke yake. Kaka alimgeukia mdogo wetu akasema maneno ambayo sitayaandika, na wiki mbili hawakupeana salamu.

Usiku ule mama aliniita. Tulikuwa sebuleni, ndoo mbili zimetegwa chini ya dari. Akanikumbusha mlango wetu wa nakshi. Nilikuwa darasa la tano alipokuja tajiri mmoja akaweka pesa mezani autoe aende nao, naye baba angetiliwa mlango mpya wa mbao nzuri zaidi. Baba alimnywesha kahawa na kumtoa hadi nje. Akatuambia mlango ukitoka, tutabaki tunaishi kwenye shimo. "Mlango tuliulinda," mama akasema. "Gari tukalivua nguo. Na ni mali ya mtu yule yule."

Nililala na neno lile. Sisi watu wa Mji wa Kale tumefunzwa tangu utoto kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe ukiukandika kwa saruji unaufisha pumzi, na kwamba kitasa cha shaba kilichochakaa ni bora kuliko kipya cha dukani. Tulijua kanuni yote inayompa mtu wa magari ya zamani sababu ya kulipa, tukashindwa kuivusha hatua mia tano kutoka mlangoni hadi alipoegesha baba. Mdogo wangu hakuharibu kwa ubaya. Alitengeneza gari la kupandwa, na gari la kupandwa likatengenea. Ila sasa tulikuwa tunauza kitu kingine.

Asubuhi nilimwendea. Nikamwambia twende tukaitafute.

Fundi aliyefanya kazi ile alikuwa na karakana Changamwe. Tulimkuta amezeeka, mkono mmoja umeshikwa na baridi yabisi, na alimkumbuka mdogo wangu kwa jina la utani. Injini alikuwa amekaa nayo miaka yote kwa ahadi ya kuifungua siku moja. Januari ile alikuwa ameamua kuiuza kwa kilo, pamoja na vyuma vyake vyote, na gari la kuvichukua limeshaagizwa. Kisha serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya waliokuwa wakiiba vyuma vya minara ya umeme. Marufuku ile ilikaa hadi Mei. Gari la kuchukua vyuma halikuja, na injini ya baba ikabaki nyuma ya mabati, chini ya gia ya Canter.

Tuliiburuta hadi penye mwanga. Mdogo wangu alipiga magoti, akasugua kwa petroli na tambara ubavuni mwake. Ikatoka herufi L, ikatoka 16, kisha tarakimu moja moja, nami nazisoma kutoka kwenye kitabu. Ya mwisho ilipolingana alilia, na yule fundi mzee akageuka kando kumpa faragha. Alikataa bei ya kilo. Alichukua elfu nane na chai.

Kwa ami hapakuwa na ukuta wa kuaminika, na mama alisema haitalala tena mbali na macho yake. Basi ikaja kwa pikapu hadi karibu na Ngome, ikapakiwa mkokoteni, ikasukumwa na vijana wanne kupitia Ndia Kuu hadi Kibokoni, watu wakiinuka barazani kuuliza mwapeleka nini. Kaka mkubwa alikuwa dakani. Hakusema kitu. Alishika upande wa nyuma wakaiteremsha pamoja, yeye na mdogo wetu, na salamu zikarudi.

Ni katika kutafuta stakabadhi zaidi, ndani ya kasha la baba, nilipoiona picha. Datsun nyeupe imesimama kando ya barabara ya udongo mwekundu, vilima nyuma, na baba kijana amekalia boneti na birika la kahawa. Nyuma ya picha kuna mwandiko wake: "Taita, Pasaka", na mwaka umefutika kwa unyevu.

Dalali alipoishika, macho yake yalibadilika. Gari lililokimbia Safari, alisema, bei yake haina ndugu. Lile la ushindi la 1970 Nissan wanalihifadhi wenyewe Japani, haliuzwi. Lakini yalikimbia mengi ya watu binafsi, na ushahidi wake umetawanyika. Udongo mwekundu upo, Pasaka ipo. Andika 1973, weka nambari mlangoni, na laki saba zinakuwa milioni tatu. Hakusema kwa uovu. Kwake hadithi ni sehemu ya gari kama usukani. Hata mimi, nikitazama zile ndoo chini ya dari, nilinyamaza muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mama alichukua picha mkononi mwake. "Marehemu hakukimbia," akasema. "Alisimama kando ya ndia akaangalia wenziwe wakikimbia, na mimi ndimi niliyempikia kahawa ile. Hamtamzulia akiwa kaburini."

Mnunuzi alirudi baada ya Idi. Aliinama dakani, akainua ncha ya leso, akasoma nambari kwa tochi yake. Kabureta hazikupatikana, kutu haikupungua, na rangi nyekundu ingembidi aikwangue yote. Alitaja 1,200,000, nusu ya ile tuliyoanza nayo, na alilipa zote. Mama alipata 150,000, wavulana 350,000 kila mmoja, sisi 175,000. Paa tumelitengeneza upande wa kusi tu, kwa boriti za haki. Upande wa kaskazi una ndoo moja badala ya mbili.

Kabla ya kuondoka aliomba nakala ya picha iende na gari. Tukaipiga dukani, na mama akataka iandikwe nyuma yake kama alivyosema yeye, bila kuongeza. Niliandika mimi: "Taita, Pasaka. Mwenyewe alikuwa akitazama." Mnunuzi aliisoma, akaitia katika mfuko wa shati, akasema hiyo ndiyo karatasi atakayoitunza kuliko zote.

Mkokoteni ulikuja asubuhi. Injini ilipoinuliwa iliacha doa jeusi la mafuta kwenye sakafu ya daka, umbo la gunia. Dada yangu alileta majivu na brashi. Mama akamwambia aache, akatandika mkeka juu yake, akaketi.